Damu ya Mjomba

Chini ya ngazi za jengo moja kuukuu la ofisi, mahali ambapo zamani wasafishaji walikuwa wakiweka ndoo na mafagio yao, alikaa mwanamke fundi wa zipu. Alikuwa na meza fupi, kiti chenye mto, taa iliyobanwa pembeni ya meza, na makopo kumi na mawili yaliyojaa vichwa vya zipu, vikubwa kwa vidogo, vya shaba na vya plastiki. Mabegi ya shule, masanduku ya safari, mikoba ya kina mama, vyote vilipita mikononi mwake. Mwenyewe alikuwa mfupi, mwembamba, mashavu yamechomoza kidogo na rangi imefifia. Lakini mdomo ulikuwa mzima. Mteja akileta begi lililopasuka kwa kujazwa kupita kiasi, humwambia, "Hili halijaharibika, limejiuzulu."

Jengo zima lilimwita Wiki Tatu. Jina hilo alipewa na fundi funguo aliyekaa upande wa pili wa ngazi, kwa sababu kila mtu aliyeuliza mbona jana ulifunga, alijibiwa neno lile lile: "Kila wiki tatu nina miadi." Wengine walidhani ana mchumba mji mwingine. Hakuwakatalia. Miadi yenyewe ilikuwa ya kitanda namba sita, wodi ya mchana, na mifuko miwili ya damu.

Alizaliwa na thalasemia. Ni ugonjwa wa kurithi: mwili hutengeneza damu, lakini chembe zake nyekundu huvunjika kabla hazijafanya kazi ya maana. Baba yake alibeba nusu ya hitilafu hiyo na mama yake nusu nyingine, na wote wawili walikuwa wazima, hawana habari, mpaka nusu hizo zilipokutana kwa mtoto wao wa kwanza, ambaye ndiye akawa wa mwisho. Alipofika miezi minane akaanza kukataa kunyonya. Viganja vikawa vyeupe. Daktari akawaambia wazazi, bila kuzunguka, kwamba mtoto huyu ataishi kwa damu ya watu.

Baba alifariki msichana akiwa na miaka minne. Akabaki na mama, mpishi wa shule, mwanamke wa sauti kali na mikono iliyoungua ungua kwa masufuria. Siku hizo hospitali ilikuwa na jokofu moja tu la damu, na utaratibu ulikuwa kwamba ukichukua, ulete ndugu wa kurudisha. Hapo ndipo mjomba anapoingia.

Mjomba alikuwa fundi bomba, kaka mkubwa wa mama. Mtu wa mabega mapana, kicheko chake unakisikia ukiwa chumba cha tatu. Kila miezi mitatu alifika hospitali na nguo zake za kazi, akapanda kitandani, akanyoosha mkono. Akimaliza anakuja wodini amebana pamba kwenye kiwiko, anainama sikioni mwa mpwa wake: "Leo nimekuwekea ile yenye hasira. Ukigombana na mtu, mwambie aje kwangu." Mtoto aliposhika nafasi ya pili kwenye hesabu, mjomba alimwambia dada yake mbele za watu, "Damu yangu hiyo. Wewe hata chenji ya dukani inakushinda."

Halafu, msichana alipofikisha miaka kumi na sita, mjomba akaacha. Miezi mitatu ikapita, ikapita mingine mitatu. Mama akatuma salamu, akajibiwa kuna kazi nyingi. Akamfuata mwenyewe. Mjomba akasema umri umekwenda, daktari kamkataza. Alikuwa na miaka arobaini na mitano, na asubuhi ile ile alikuwa amepandisha mabomba ya chuma begani mpaka ghorofa ya nne.

"Sema tu umechoka na mwanangu," mama alimwambia.

Mjomba akarudi kwenye mabomba yake. Tangu siku hiyo ndugu hao wawili walisalimiana misibani na harusini, basi. Mama alizunguka kwa wapishi wenzake, kwa walimu, kwa majirani, kuomba damu. Na binti yake akakua na donge dogo moyoni, ambalo hakulisema, kwamba mtu aliyempenda kuliko wote baada ya mama alikuwa amemkinai.

Miaka kumi na miwili ikaenda hivyo. Wiki Tatu akajifunza ufundi, akapata nafasi yake chini ya ngazi. Kila siku alitumia dawa ya kutoa madini ya chuma mwilini, kwa sababu damu ya kuongezewa huacha chuma, na chuma hicho hakina pa kwenda ila kujirundika kwenye moyo na kwenye ini. Alikuwa amezoea kuchoka. Kwa hiyo alipoanza kuchoka zaidi ya kawaida, akahisi ni joto.

Mwaka ule kliniki ya magonjwa ya damu ilipata daktari mpya, mama mmoja mtaratibu aliyevaa miwani yenye kamba shingoni. Jambo la kwanza alilofanya ni kuwapima homa ya ini, aina ya B na ya C, wagonjwa wote wanaoongezewa damu mara kwa mara. Walikuwa ishirini na watatu. Sita waliitwa warudi.

"Niambie moja kwa moja, daktari," Wiki Tatu alisema kabla hajakaa. "Hapa mimi ni mwenyeji kuliko hivi viti."

Daktari akavua miwani. "Una virusi vya homa ya ini aina ya C. Si vya jana wala juzi. Ni vya miaka mingi."

"Mbona siumwi?"

"Ndivyo vilivyo. Vinakaa kimya miaka na miaka huku vinalitafuna ini. Kwako ini lina mizigo miwili, chuma na hivi virusi."

"Vilipita wapi?"

"Karibu hakika kwenye damu. Ulipokuwa mtoto, hospitali hii ilikuwa inapima damu ya wachangiaji ukimwi na aina ya B. Kipimo cha aina ya C kilichelewa kufika. Nimeangalia kumbukumbu, kilianza ukiwa na miaka kumi na sita."

Daktari akaanza kumweleza habari za dawa. Zamani, alisema, matibabu yalikuwa sindano za mwaka mzima pamoja na vidonge vinavyovunja damu, na kwa mtu wa thalasemia hiyo ilikuwa adhabu juu ya adhabu. Siku hizi ni kumeza vidonge kila siku kwa wiki kumi na mbili, na wengi sana wanapona kabisa.

"Wiki kumi na mbili," Wiki Tatu alisema. "Miadi minne."

"Ndiyo. Na jambo jingine. Kama kuna ndugu waliokuchangia damu zamani, kabla ya kipimo kuanza, waambie waje wapimwe. Si kwa kutafuta mkosaji. Huenda kuna mtu anavyo na hajui."

Hakuhitaji karatasi kupiga hesabu ile. Kipimo kilianza akiwa na miaka kumi na sita, na mjomba aliacha akiwa na miaka kumi na sita.

Siku tatu alikwenda kazini, akabadilisha zipu, akacheka na wateja, asimwambie mtu. Kilichomsumbua ni kwamba hakujua akasirike vipi. Miaka kumi na miwili alikuwa na kinyongo na mjomba kwa kuacha kumpa damu. Sasa amkasirikie kwa kuwa alimpa? Na kama mjomba alijua, alijua nini, na tangu lini? Siku ya nne akafunga meza yake mapema, akaenda kumtafuta.

Alimkuta kwenye jengo la kliniki ya meno, jikoni kwa wafanyakazi, amelala chali chini ya sinki. Miguu tu ndiyo ilionekana.

"Shikamoo, mjomba."

Spana ikanyamaza. "Marahaba. Nani huyo?"

"Yule mwenye damu yako."

Alitoka polepole, akishika ukingo wa sinki. Wiki Tatu hakuwa amemwona kwa karibu tangu harusi ya mwaka juzi. Mabega yalikuwa yamepungua, tumbo limejaa, na vifundo vya miguu vimevimba juu ya soksi. Machoni kulikuwa na umanjano hafifu. Mtu mwingine asingeuona, lakini yeye alikulia wodini.

"Mama yako hajambo?"

"Hajambo. Mjomba, kwa nini uliacha kutoa damu?"

Alichukua kitambaa akafuta mikono, kidole kimoja kimoja, kwa muda mrefu kuliko uchafu ulivyohitaji.

"Walinikataa," akasema hatimaye. "Yule kijana wa maabara aliniita pembeni. Akaniambia, mzee, damu yako haitatumika, chukua bahasha hii uende chumba namba tisa ukaonane na daktari. Sikwenda."

"Bahasha iliandikwa nini?"

"Sikuifungua. Nilikwenda nayo mpaka kwenye jengo tulilokuwa tunafanya kazi, nikaitumbukiza kwenye shimo la maji machafu, nikaziba kwa zege." Alijaribu kucheka, kicheko kikakatikia njiani. "Wakati ule bahasha za hospitali zilikuwa na maana moja tu. Mwezi ule ule tulikuwa tumemzika mwenzetu wa kazi. Nikasema, nikisoma nimekufa leo. Nisiposoma nitakufa siku yangu ikifika."

"Na mama je?"

"Ningemwambia nini mama yako? Kwamba nimemtia mtoto wake ukimwi, kwa mkono wangu huu, miaka kumi na zaidi, huku natamba? Bora anione bahili. Bahili unaweza kumsalimia msibani." Sauti ikashuka. "Kila nikisikia umelazwa, nilijua ni mimi. Nasubiri nianze kuumwa, siumwi. Nasubiri ufe, hufi. Miaka yote hii."

Wiki Tatu alijikuta ameshika mdomo. "Si ukimwi, mjomba. Mimi napimwa kila mwaka. Sina. Sijawahi kuwa nao."

Mjomba akakaa juu ya sanduku lake la vyuma. Aliangalia sakafu, maji yakidondoka taratibu kutoka kwenye bomba aliloliacha wazi, na wala hakuinuka kulifunga. Yeye, fundi bomba.

Ndipo akamweleza ile habari ya aina ya C, kama daktari alivyomweleza. Alieleza vizuri, bila kupindisha.

"Kwa hiyo ni mimi," mjomba alisema.

"Hatujui. Nimeongezewa damu ya mamia ya watu."

"Na wangapi kati yao walipewa bahasha?"

Akamwambia tu, "Jumatatu saa mbili nitakuwa mlangoni pa kliniki. Usiponiletea huo mkono nitakuja na mama."

Jumatatu mjomba alikuja, amevaa shati la kunyooshwa. Majibu yalichukua wiki moja. Anavyo, na ini lake limejaa makovu. Daktari alisema bado halijashindwa kazi, lakini lingekaa mwaka mmoja au miwili tu zaidi, pengine mazungumzo yangekuwa mengine.

Mama aliambiwa jioni ya siku iliyofuata. Alikuwa anakunja nguo. Alisikiliza mpaka mwisho, akaendelea kukunja shati moja lile lile, akalikunjua, akalikunja tena. Kwanza aliiwakia hospitali: walijua, kwa nini hawakumfuata mtu nyumbani, kwa nini walimwachia bahasha kama anayepelekewa mwaliko? Binti hakumpinga, kwa sababu lilikuwa swali la haki. Kisha mama akauliza, "Anakwenda lini tena kliniki?"

Siku hiyo ilipofika akaomba ruhusa shuleni. Alimkuta kaka yake kwenye benchi la ukumbini, akakaa, akaacha nafasi ya mtu mmoja katikati. Wiki Tatu alisimama karibu na dirisha la dawa, anajifanya kusoma tangazo.

"Ungeniambia," mama alisema.

"Ningekwambia nini?"

"Chochote. Nimekununia miaka kumi na miwili, kaka. Unajua kununa kunavyochosha? Nimezeekea humo."

Mjomba akageuza uso ukutani. Mabega yalitikisika. Mama akasogea, akaijaza ile nafasi, akatoa kitambaa kwenye mkoba akampa bila kumtazama. "Jifute. Watu watasema tumefiwa."

Walipoingia kwa daktari, wote watatu, mjomba alikuwa na ombi moja. Alitaka ijulikane. Je, hakuna kipimo cha kuonyesha kama virusi vya mtoto vilitoka kwake?

Daktari alifikiri. Alisema vipo vipimo vya kulinganisha virusi vya mtu na mtu, katika maabara za utafiti. Baada ya miaka mingi majibu yanaweza yasiwe wazi, lakini wakitaka, damu ichukuliwe sasa, kwa sababu dawa ikianza kufanya kazi hakutakuwa na cha kulinganisha.

"Chukueni," mjomba alisema, tayari anakunja mkono wa shati.

"Hapana," Wiki Tatu alisema.

Mama akamtazama.

"Mjomba, wakisema ni wewe, mimi nitafanya nini na hilo jibu? Nitakurudishia damu? Na wakisema si wewe, ni nani? Kuna mwalimu alikuja kunitolea damu akiwa hajala, akazimia. Kuna wale wapishi. Kuna watu ambao hata sura zao sikuwahi kuziona. Nianze kuwahesabu mmoja mmoja, nani aliniokoa na nani aliniumiza, na huenda ni mtu yule yule?" Akavuta pumzi. Hakuwa mtu wa kusema maneno mengi bila kutania. "Mimi nataka vidonge. Basi."

Daktari akasubiri. Hatimaye mjomba akaushusha mkono wa shati, akaufunga kifungo. Baadaye alikiri kwamba hakuridhika. Alisema ni afadhali mtu ahukumiwe kuliko kuachwa hivi hivi mlangoni. Mpwa wake naye alikiri kwamba kuna siku, sindano na begi la mtu mkononi, humjia hamu ya kujua, kali kama kiu. Huisubiri ipite.

Wote wawili walianza vidonge wiki ile ile. Mjomba aliumwa kichwa na kulalamika. Wiki Tatu alipata kichefuchefu kidogo tu na kulala mapema. Mama alijipa cheo cha msimamizi: saa moja kamili asubuhi anampigia kaka yake simu. "Umemeza?" "Nimemeza." "Fungua mdomo." "Tuko kwenye simu, dada." "Fungua nisikie."

Si wote sita walifika mwisho. Mmoja wao, kijana fundi rangi ambaye Wiki Tatu alikuwa akipishana naye kitanda namba sita tangu wakiwa watoto, ini lake lilikuwa limekwenda mbali mno. Alifariki katika wiki ya saba ya dawa. Siku ya mazishi Wiki Tatu alisimama nyuma kabisa, na aliporudi hakufungua meza kwa siku mbili. Fundi funguo aliwaambia wateja ana miadi.

Wiki kumi na mbili zilipokwisha, daktari aliwataka wasubiri nyingine kumi na mbili kabla ya kipimo cha uhakika. Majibu ya Wiki Tatu yalitoka kwanza: virusi havikuonekana. Ya mjomba yakafuata, nayo hali kadhalika. Lakini makovu ya ini lake yatabaki, na kila miezi sita lazima aje apigwe picha ya tumbo, maisha yake yote. Damu hatatoa tena. Hilo ndilo lililomuuma. Akalitafutia dawa yake mwenyewe: akaanza kuzunguka kwenye majengo yanayojengwa, kuwakusanya mafundi wenzake wakachangie. Anawaambia, "Ukipewa bahasha niletee mimi, tutaisoma pamoja." Mwaka wa kwanza wawili walipewa. Aliwapeleka chumba namba tisa, akakaa nje mpaka wakatoka.

Wiki Tatu bado ana wiki zake tatu. Thalasemia haikuondoka, wala hakutegemea iondoke. Majuzi alikuwa kitandani, mfuko wa pili umefika nusu, alipoingia mama mmoja kijana amembeba mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Ilikuwa mara yao ya tatu. Mtoto alilia mpaka sauti ikakauka, sista akahangaika kutafuta mshipa, na mama yake akawa anatazama kila mahali isipokuwa kwenye sindano. Macho yake yakatua kitanda cha jirani.

"Na wewe una nini, dada?"

"Hiyo hiyo ya mwanao."

Yule mama akamkagua kuanzia usoni mpaka miguuni. "Una miaka mingapi?"

"Thelathini na mmoja."

"Thelathini na mmoja," alirudia, kama anayeambiwa bei asiyoitarajia. Kuna mtu, ni wazi, alikuwa amemtajia idadi nyingine. Alikaa pembeni ya kitanda, mtoto mapajani, akaanza kuuliza: chuma kinatolewaje, shule alisoma vipi, anafanya kazi gani. Wiki Tatu alijibu yote. Kisha akamwambia aandike jambo moja, na akasubiri mpaka yule mama akapata kalamu kwa sista: kila mwaka adai mtoto apimwe homa ya ini, zote mbili, na chanjo ya ile ya B asiikose. Wakimwambia haina haraka, akae pale pale kwenye benchi asiondoke.

"Na damu zenyewe hizi?" yule mama aliuliza kwa sauti ya chini, akitazama mfuko juu ya kichwa cha mwanawe. "Ni salama?"

Wiki Tatu alifikiri kwanza. "Siku hizi wanazipima vizuri zaidi," akasema. "Na huna nyingine."

Mtoto alikuwa ameshalala. Midomo yake ilikuwa imeanza kupata rangi.